Pointi Milioni Mbili za Garth Hostetler

Kanuni ya kwanza ya Wakamuaji wa Fort Wayne, Indiana, kundi la wanaokamua pointi za zawadi kwenye kadi za benki, aliiandika Garth Hostetler mwenyewe, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa wao wa mtandaoni: USIPIGE SIMU BENKI. Benki ikikupunja, nyamaza. Ikikuchelewesha, nyamaza. Kompyuta haina macho, alieleza, lakini ukipiga simu unamwamsha binadamu, na binadamu akiamka atafungua akaunti yako aone unachokifanya. Kanuni nzuri, na watu sitini na wanne waliipongeza. Aliyekuja kuivunja ni huyohuyo aliyeiandika, tena kwa ajili ya pointi elfu mbili mia tano na thelathini, ambazo ukizigeuza pesa zinatosha pizza moja na soda, na muuza pizza humwachii bakshishi.

Mchana Garth aliuza milango ya gereji. Kazi aliyoiona ya maana ilikuwa nyingine. Aliingia supamaketi na kadi ya mkopo inayotoa pointi tano kwa kila dola ya chakula. Chakula hakununua. Alinunua kadi za zawadi, zile zinazoning'inia karibu na keshia, dola mia tano kila moja na ada ya dola sita juu yake. Akavuka barabara hadi duka jingine, na kwa kadi hizohizo akanunua hawala, zile hati zinazogeuzwa pesa benki. Hawala akazipeleka kwenye akaunti yake ya benki, na pesa za akaunti zikalipa deni la kadi ya mkopo. Basi. Pesa imeuzunguka mji mzima na kurudi ilikotoka, hakuna kilichonunuliwa, hakuna aliyeshiba, na nyuma yake zimebaki pointi, kama mavi nyuma ya farasi wa gwaride.

Kwa miaka minne Garth alikuwa akiyazoa. Alifikisha milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini.

Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwenye shahada, mwenye nyumba isiyodaiwa, alikuwa akiingia maduka sita kwa siku amevaa kofia tofauti ili makeshia wasimzoee. Walimzoea. Yule wa barabara ya Coldwater alimwita Baba Krismasi, kwa jinsi alivyonunua zawadi mwaka mzima. Garth hakujua, na angejua asingejali, kwa sababu makeshia kwake walikuwa sehemu ya mashine. Waliolipa kwa noti ndio waliomkera. Mbele yake kwenye foleni akisimama mama mmoja akahesabu noti za dola tano tano, Garth alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayefuta pua kwa pazia la mwenyeji.

Na pointi zote hizo, swali ni alikwenda nazo wapi. Jibu ni kwamba hakwenda popote. Kwenda kulihitaji thamani. Kwenye jedwali lake kulikuwa na safu ya rangi ya kijani iliyosema pointi moja isitumike chini ya senti mbili na nusu. Chini ya hapo, alikuwa akisema, ni kwa mabwege. Hivyo kila safari aliyoipigia hesabu ilikuwa ya mabwege, na yeye akabaki Indiana, tajiri wa safari asizosafiri.

Mkewe, Lorna, aliendesha basi la shule. Jumapili moja ya Februari, theluji imefika madirishani, aliweka mezani nyama ya kuoka na viazi vya kuponda, akakaa, na hakuchukua uma.

"Britta anajifungua tarehe tisa Machi," alisema.

"Najua."

Britta alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa ameolewa na daktari wa kondoo huko Dunedin, New Zealand, na hii ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika mwisho, na mara zote mbili Lorna alizipata habari kwa simu, amesimama kwenye karakana ya mabasi.

"Ofisi inataka tarehe zangu za likizo kesho. Nimeshawadanganya mara mbili kwamba nitawapa. Tiketi ziko wapi?"

"Zinakuja, mpenzi. Kuna viti vya daraja la biashara ambavyo shirika la ndege huwaachia wenye pointi siku kumi na nne kabla ya safari. Vinalala kabisa. Unaviinamisha vinakuwa kitanda."

"Mimi sihitaji kitanda. Nahitaji kufika."

"Utafika umelala."

"Na wasipoviachia?"

"Wataviachia. Mwaka jana waliviachia mara tano, ninayo kwenye jedwali."

"Garth, kuna viti vya kawaida. Nimeviona. Vipo leo, vitakuwapo kesho."

Garth alicheka, kicheko cha daktari anayeambiwa na mgonjwa kuhusu dawa ya kienyeji. "Kwa viti vya kawaida tunapata senti moja kwa pointi. Moja. Unajua hiyo maana yake nini?"

"Maana yake nitakuwa Dunedin."

"Maana yake tumechoma zaidi ya nusu ya kila tulichokipata."

"Tulichokipata," alisema Lorna. Akalirudia tena polepole, kama anayelionja kuona limechacha. Kisha akachukua uma akala, na Garth akadhani mjadala umekwisha na yeye kashinda. Alikuwa akishinda sana mezani pale.

Hapo kuna jambo la kueleza. Benki ilitoa bonasi kwa kila mteja mpya, na nyumbani kwa Garth kulikuwa na mtu mmoja ambaye bado hakuwa mteja. Wakamuaji wana jina la mtu wa namna hiyo. Mke au mume wanamwita mchezaji wa pili, na wanalitamka bila kuona aibu. Miaka minne nyuma Garth alimwekea Lorna fomu kando ya sahani ya supu, Lorna akatia sahihi, akawa na kadi ambayo hakuwahi kuishika. Nywila alitunga Garth, na hakumficha mkewe. Lakini kila alipoingia kwenye akaunti hiyo, benki ilituma namba sita za siri kwenye simu ya Lorna, kwa hiyo kwa miaka minne maisha yao ya ndoa yalikuwa hivi: "Lorna, namba." Naye, akiwa bafuni, jikoni, au kanisani kwenye chakula cha kuchangiana, alisoma namba sita kwa sauti kama anayeita bingo. Akaunti ile ilikuwa imefikisha pointi laki mbili na elfu kumi na mbili. Garth aliita hiyo akiba ndogo.

Jumapili hiyohiyo, Garth akiwa gereji anapanga risiti, simu ya Lorna ililetewa namba sita. Safari hii hakumsomea mtu.

Jumatatu asubuhi Garth alikagua jedwali lake akakuta pengo. Kadi moja ya zawadi, iliyonunuliwa kwenye duka jipya la barabara ya Dupont, ilikuwa imehesabiwa kama bidhaa za nyumbani badala ya chakula. Hakuna pointi. Elfu mbili mia tano na thelathini, hazipo. Akajiambia anyamaze. Akanywa kahawa. Akafungua jedwali tena, akaliona pengo limekaa palepale, jeupe, kama jino lililong'oka mbele. Saa nne na robo akapiga simu benki.

"Huduma kwa wateja, naitwa Shavonne, nikusaidie nini leo, Bwana Hostetler?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, akamaliza kwa kusema kwamba si suala la pointi, ni suala la haki.

"Nakuelewa kabisa," alisema Shavonne. "Ngoja nikufungulie akaunti yako." Vitufe vikalia. "Samahani, mashine yangu inachelewa. Kuna kurasa nyingi." Vitufe vikalia tena. "Naona mwezi uliopita ulitumia dola elfu tisa mia moja na nane kwa chakula."

"Ndiyo."

"Una familia kubwa, Bwana Hostetler?"

"Tuko wawili."

"Mnakula vizuri."

"Mke wangu anapenda kupika."

"Hongera zake. Tarehe kumi na nne naona alipika sana. Umenunua chakula mara sita, maduka sita, na kila mara imekuja dola mia tano na sita. Kamili."

Garth akaangalia nje. Jirani alikuwa akizoa theluji kwa koleo, mtu wa kulipa kwa noti. "Huwa tunanunua vitu vilevile," alisema.

"Vilevile kabisa," alisema Shavonne. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Alikuwa na sauti ya muuguzi aliyeshaona kilichomo kwenye picha ya mapafu na anamwacha daktari aseme. "Basi, nakurudishia pointi zako elfu mbili mia tano na thelathini sasa hivi. Na akaunti nitaipeleka kwa wenzangu wa ghorofa ya juu, waipitie tu. Ni kawaida. Kuna lingine?"

Hakukuwa na lingine. Garth alikata simu akaona pointi zimeingia, akazipaka kijani. Alijisikia vizuri kwa siku tatu.

Alhamisi alfajiri kadi zake zote nne zilikataa. Ya kwanza ilikataa kwenye pampu ya petroli, ya nne ilikataa mbele ya keshia wa Coldwater, aliyemwambia kwa huruma, "Krismasi imeisha, mzee." Nyumbani kulikuwa na barua pepe ya mistari minne. Baada ya kuipitia akaunti yako tumeamua kusitisha uhusiano wetu nawe. Pointi zote ambazo hazijatumika zimefutwa kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali. Uamuzi huu ni wa mwisho. Tunakushukuru kwa uaminifu wako.

Alifungua pale ambapo namba ilikuwa ikikaa. Palisomeka sifuri. Hawakuandika hata koma.

Kwanza alikimbilia kwa wenzake. Wakamuaji walikutana kila Alhamisi saa mbili asubuhi kwenye mkahawa wa pankeki karibu na barabara kuu, wanaume saba na wanawake wawili waliokuja kila mmoja na kadi nane na kuagiza kahawa moja. Mkuu wao, daktari wa meno mstaafu aitwaye Duane Pickett, alimsikiliza mpaka mwisho akipaka siagi.

"Kaka, ngoja nielewe. Ulipiga simu?"

"Walikuwa wamenikata pointi."

"Ngapi?"

Garth akataja. Mwanamke mmoja aliweka kikombe chini polepole sana, kama yuko msibani.

"Kanuni aliandika nani?" aliuliza Duane.

"Mimi."

"Ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Sasa kaka, binti yangu ana mbwa. Mbwa huyo ameshikwa na umeme wa uzio mara moja tu, tangu hapo hausogelei. Nakwambia tu." Akatoa simu, akapapasa kioo mara mbili. Mfukoni mwa Garth simu yake ikatoa mlio mfupi: umeondolewa kwenye kundi. "Si kwa ubaya. Ni kwamba sasa wanakutazama, na sisi tuko kando yako. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo."

Kweli angefanya. Tena asingengoja pankeki ziishe. Wale hawakuwa marafiki. Walikuwa watu waliokuwa wakikamua chuchu moja, na aliyepigwa teke na ng'ombe hana wa kumwinua, wenzake wanavuta ndoo zao.

Akiwa ndani ya gari akakumbuka akiba ndogo. Laki mbili na elfu kumi na mbili. Haikuwa kitu kwa daraja la biashara la watu wawili, lakini lilikuwa jiwe la kuanzia. Akafika nyumbani, akamkuta Lorna katika mapumziko ya katikati ya zamu zake, bado amevaa koti la kazi la manjano, akikunja nguo juu ya kitanda. Kitandani kulikuwa na sanduku la safari. Kichwani mwa Garth sanduku halikuingia.

"Lorna, namba."

"Namba gani?"

"Nimeomba kuingia kwenye akaunti yako. Wamekutumia namba."

"Hawajanitumia kitu. Wameifunga na yangu. Barua imekuja asubuhi, inanishukuru kwa uaminifu."

Garth akakaa ukingoni mwa kitanda, juu ya sweta. "Zote? Laki mbili na kumi na mbili?"

"Hawakukuta kitu, Garth. Nilizitumia Jumapili."

Alimtazama kana kwamba amemwambia kamla paka.

"Nimechukua kiti kwenye tovuti ya benki yenyewe. Naondoka tarehe mbili. Laki moja na elfu themanini na saba."

Midomo ya Garth ilikuwa ikigawanya hesabu. "Tiketi yenyewe bei gani?"

"Dola elfu moja mia nane na sabini."

"Senti moja," alisema Garth. "Lorna. Senti moja."

"Cha katikati, mstari wa arobaini na tatu. Karibu na choo."

"Na zile elfu ishirini na tano zilizobaki?"

"Nikachukua tosta kwenye katalogi yao. Ya kwako hiyo, utachomea mkate mpaka nirudi."

Hapa ndipo sauti ya Garth ilipopasuka. Si kwa milioni mbili. Milioni mbili zilikuwa zimekwenda kama mafuriko, na mafuriko hayana mtu wa kumlaumu. Lakini tosta. Tosta ya dola tisini kwa pointi elfu ishirini na tano, chini ya nusu senti. Alizunguka chumba. Alisema hata mjinga asiyejua kusoma asingefanya hivyo. Alisema kwenye kundi walikuwa na jina la watu waliochukua tosta.

"Uko kwenye kundi bado?" aliuliza Lorna.

Garth akaacha kuzunguka.

Lorna alikunja soksi mbili akazisukuma pembeni mwa sanduku. Alipozungumza tena alizungumza kwa utulivu anaoutumia kwa watoto wanaotapika ndani ya basi. "Sikiliza. Ndege hiyohiyo bado ina viti, sasa ni dola elfu mbili mia moja na arobaini. Pesa tunazo. Na kama hutaki kugusa akiba, una kadi za zawadi kumi na moja kwenye droo ya soksi, dola mia tano kila moja. Tano zinatosha tiketi na mkahawa wa uwanjani. Njoo umwone mtoto wa mtoto wako."

"Zile," alisema Garth, na kwa kweli alishangaa kwamba inabidi aeleze, "si za kutumia."

Lorna akafunga zipu.

Jioni nne mfululizo Garth alikaa mbele ya ukurasa wa tiketi. Ni haki kusema alikaa. Aliandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Kila alipofika mahali pa kulipa mkono uligoma. Miaka minne hakuwa amelipia kiti cha ndege kwa pesa. Alikuwa amewacheka waliolipa, amewaita majina, ameandika kurasa juu yao. Jioni ya nne alimwambia mkewe kwamba benki nyingine ina bonasi nzuri sana kwa mteja mpya, pointi laki moja, zinaingia baada ya miezi mitatu. Angekuja Juni. Juni viti vinaachiliwa kirahisi.

"Juni atakuwa na miezi mitatu," alisema Lorna.

"Wanakuwa wazuri zaidi wakifika miezi mitatu."

Tarehe mbili alimpeleka uwanja wa ndege. Alimbebea sanduku mpaka mlangoni, akamkumbusha asisahau kuandikisha namba yake ya kukusanyia maili, kwa sababu safari ndefu vile, hata kiti cha katikati kina maili elfu tisa. Lorna alimshika shavu, akalipigapiga kidogo, jinsi mtu anavyompigapiga farasi mzee anayebaki zizini.

"Nenda nyumbani, Garth."

Tosta ilifika tarehe tano. Ilikuwa nzuri, ya chuma, yenye matundu manne. Garth aliila mikate miwili ya supamaketi kwa siku tatu, akisimama, akitazama waya wake mwekundu ukipoa, na kila kipande alikipigia hesabu ya senti. Mkate wa supamaketi ulipokwisha hakutaka kurudi Coldwater kuitwa mzee. Jumamosi asubuhi akaenda kwenye duka la mikate la kina mama wawili karibu na maktaba, mahali ambapo hakuwahi kuingia kwa sababu halitoi pointi za chakula. Akachukua mkate wa ngano, akatoa kadi moja ya zawadi, maana hakuwa na kitu kingine, na ilimuuma kama kung'olewa ukucha.

Binti wa kaunta alimpa risiti pamoja na kipande cha karatasi ngumu kilichochorwa miduara kumi. Akaugonga muhuri mduara wa kwanza, alama ya shayiri.

"Ukifikisha kumi, wa kumi na moja ni bure," alisema.

Garth alikigeuza kile kikaratasi nyuma na mbele. Mfukoni simu ilianza kutetemeka. Aliitoa nusu akaona jina la Lorna na alama ya video, na huko Dunedin ilikuwa bado giza, saa ambayo mtu hapigi ila kwa jambo moja. Aliishika mkononi ikitetemeka.

"Nikinunua kumi leo," alimuuliza yule binti, "unanigongea yote kumi?"

"Kumi kwa mara moja? Utailaje?"

"Hilo niachie mimi. Unanigongea?"

Binti akamwita mama yake kutoka nyuma, aje aulizwe. Simu ikaacha kutetemeka. Garth akaiweka mfukoni, akaegemea kaunta, akaanza kumweleza yule mama kwamba, kwa hesabu ya harakaharaka, hiyo inakuja karibu asilimia tisa.